Neno "Zoezi" katika Istilahi za Dharura ya Mionzi

Neno "zoezi" limekuwa mtumishi wa kila ofisi. Magazetini na katika barua za serikali twasoma habari za zoezi la chanjo, zoezi la kuandikisha wapiga kura, zoezi la kuhesabu watu, zoezi la kubomoa vibanda na zoezi la kugawa mbolea. Katika shughuli hizo zote hakuna hata moja iliyo ya kujifunzia. Mtoto aliyechanjwa amechanjwa kweli, na kibanda kilichobomolewa hakisimami tena jioni baada ya zoezi kwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo, kwa jinsi linavyotumika sasa, haliwezi tena kubeba peke yake maana ya shughuli ya kuigiza dharura kwa madhumuni ya kupima utayari. Hasara yake yaonekana mahali pawili: pale wananchi wanapotangaziwa, na pale wataalamu wanapoketi kutathmini. Tumechukua dharura ya mionzi kuwa mfano kwa sababu hatari yake haionekani kwa macho wala haina harufu, na mwananchi hana kitu cha kumwongoza isipokuwa maneno anayoambiwa.

Asili ya neno haina utata. Latokana na kitenzi "zoea", na zoezi ni lile limfanyalo mtu alizoee jambo kabla hajatakiwa kulifanya kwa dhati. Maana hiyo bado i hai shuleni, ambako mwalimu wa hesabu humpa mwanafunzi zoezi, na i hai katika michezo na jeshini. Ofisini neno limehama. Yaelekea lilipendwa kwa kuwa ni pole kuliko "operesheni", ambalo tangu siku za kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 lilikuwa na uzito wake masikioni mwa watu. Tena Kiingereza cha ofisi za Afrika Mashariki kina desturi hiyo hiyo ya kuita kila kampeni kwa neno lenye maana ya zoezi, na huenda ndiko watafsiri wetu walikoiokota.

Tuchukue Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa mji huo. Ndani yake walikuwamo watu 43. Wakafa 19 na kuokoka 24. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Saa zile zote, habari zilizotangazwa zilisema kwamba "zoezi la uokoaji linaendelea". Mkazi wa Buhembe aliyesikia maneno hayo hakuhitaji kufafanuliwa. Alielewa kwamba kuna watu majini, na kwamba wenzao wanawatoa.

Sasa tugeuze jambo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zautaka kila uwanja wa ndege wa kimataifa ufanye igizo kamili la ajali angalau mara moja kila miaka miwili, au kila miaka mitatu ikiwa wafanya majaribio ya hatua kwa hatua, na viwanja vingine hufuata desturi hiyo. Tuseme wenye mamlaka wa Bukoba wanafanya shughuli hiyo ufukweni, na kipaza sauti kinatangaza kwamba zoezi la uokoaji linafanyika ziwani. Mvuvi anayesikia atafanya nini? Atasukuma mtumbwi, na atakuwa amekielewa Kiswahili sawasawa. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Yule aliyekwisha kuambiwa mara mbili tatu kwamba zoezi lile lilikuwa la kujipima tu, siku ya msiba wa kweli atasikia kwamba zoezi la uokoaji linaendelea, naye ataendelea kunywa chai.

Huenda msomaji akauliza mionzi inahusu nini Bukoba au Muleba, ambako hakuna mtambo wa nyuklia, wala haupo Tanzania nzima. Ni kweli kwamba jirani zetu wa Uganda wameitaja Buyende kuwa mahali pa mtambo wao wa baadaye, lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Vyanzo vya mionzi vimo katika hospitali zitibuzo saratani, vimo viwandani, na vimo katika vipimo ambavyo wajenzi wa barabara hutumia kupima msongamano wa udongo walioushindilia. Mwezi Januari 2023, huko Australia Magharibi, kidonge cha kipimo cha mgodini chenye seziamu 137 kilianguka kutoka kwenye lori. Kilikuwa na urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6, yaani karibu sawa na punje ya kahawa, na kikatafutwa katika njia ya kilomita 1,400 hivi mpaka kikaonekana tarehe 1 Februari. Na mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu walifungua mashine ya tiba iliyoachwa katika jengo tupu la hospitali. Unga uliokuwamo uling'aa gizani, ukagawanywa kwa jamaa na majirani kama kitu cha thamani. Watu wanne wakafa, 249 wakakutwa wamechafuliwa, na watu 112,000 hivi wakapimwa. Biashara ya vyuma chakavu twaijua sote, na mzani wa mnunuzi haupimi mionzi.

Kwa mambo ya namna hii Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki ulitoa mwaka 2005 mwongozo wa kutayarisha, kuendesha na kutathmini shughuli za kujipima. Wakala wenyewe huandaa shughuli kubwa zinazohusisha nchi nyingi kila baada ya miaka michache. Ile ya mwaka 2013 ilikuwa na kisa chake Morocco, na ile ya 2017 Hungaria. Katika desturi ya shughuli hizi liko sharti moja linalomhusu mtafsiri moja kwa moja: kila ujumbe unaotumwa, uwe wa simu, wa redio au wa karatasi, hauna budi kufunguliwa na kufungwa kwa alama ya kuonyesha kwamba si wa kweli. Kwa Kiingereza alama hiyo ni neno "exercise" likitajwa mara tatu. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "ZOEZI, ZOEZI, ZOEZI" na kwenda zake nyumbani. Amefasiri neno, na ameacha nje kazi ambayo neno lilikuwa likiifanya. Kwa msikilizaji wa Kagera ujumbe unaosema "Zoezi, zoezi, zoezi: wananchi wa Kemondo watoke nje ya eneo la bandari" ni amri ya serikali kama amri nyingine yoyote, na jina lake limetajwa mara tatu kwa msisitizo.

Wako wanaojibu kwamba tatizo laweza kuondolewa kwa sentensi moja ya kukanusha: "Hii si dharura." Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jibu hilo ni zuri karatasini na ni la hatari hewani. Katika Kiswahili tofauti ya "hii ni dharura" na "hii si dharura" imewekwa katika konsonanti moja. Zote mbili zina silabi zile zile, mkazo ule ule na kiimbo kile kile. Mtu aliye kwenye mtumbwi kati ya Bumbire na nchi kavu, mwenye redio ndogo na upepo wa ziwa masikioni, hana njia ya kuipambanua "n" na "s". Atakalolisikia bila shaka ni neno refu lenye maana ya kutisha, yaani "dharura", na hilo ndilo atakalolipeleka kwa wenzake. "Siyo" ni afadhali kidogo kwa sababu lina silabi mbili. Hata hivyo kanuni iliyo bora ni kwamba alama ya usalama isiwe kanusho hata kidogo. Iwe ni neno la kuthibitisha, refu, lisilofanana na jingine, na lenye kubeba maana yake hata likisikika peke yake bila sentensi.

Maneno gani basi yako mlangoni? La kwanza ni "jaribio". Neno hili lingefaa kama lisingekuwa na kazi nyingine nzito katika uwanja huu huu. Jaribio la nyuklia, kwa kila asomaye gazeti, ni kulipua bomu ili kuona kama linalipuka. Kutangaza kwamba jaribio la ajali ya nyuklia litafanyika Muleba siku ya Alhamisi ni kuwafukuza watu mashambani. La pili ni "mazoezi" kwa wingi, ambalo ni safi zaidi kuliko umoja wake, kwa maana wingi bado umebaki na harufu ya kujifunza. Lakini mazoezi pamoja na sare, magari na ving'ora ni mazoezi ya kijeshi, na Kagera si mahali pa kulichezea wazo hilo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani humo mwaka 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na wazee waliokimbia wakati ule hawahitaji kukumbushwa. La tatu ni "mfano", kama katika "dharura ya mfano". Hilo ni dhaifu, na tena katika Kiswahili cha kila siku kitu "cha mfano" ni kile kilicho bora cha kuigwa, kama shamba la mfano.

Twapendekeza "igizo". Kwa maandishi liwe "igizo la utayari" au "igizo la dharura", na kwa alama ya ujumbe liwe wingi wake, "MAIGIZO, MAIGIZO, MAIGIZO". (Kitenzi "tunaigiza" kisitumiwe kuwa alama, kwa sababu hewani chachanganyikana na "tunaingiza".) Twajua pingamizi litakalotolewa. Afisa atasema kwamba maigizo ni mchezo, na kwamba "hayo ni maigizo tu" ni maneno ya kumdharau mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kulichagua. Maana inayotakiwa hasa ni kwamba aliyelala chini ataamka na kwenda zake, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, mdogo kwa mkubwa, asiyejua kwamba maiti wa kwenye igizo huamka. Heshima ya shughuli haitokani na jina lake. Chama cha wafanyakazi chaweza kuwa na jina zito na kisifanye lolote.

Faida nyingine ya "igizo" ni kwamba laja na jamaa zake wote. Istilahi iliyo pweke hufa mapema, lakini neno lenye ukoo hujitegemea. Katika igizo kuna "kisa", yaani masimulizi ya ajali inayodhaniwa: lori limepinduka njia panda ya Muleba, limebeba kipimo cha wajenzi wa barabara, kasha limepasuka. Wengine wameliita jambo hili "mandhari", nasi hatuoni kwa nini, maana mandhari hutazamwa na kisa hutokea. Kuna "mwongozaji", ambaye anakijua kisa chote na kukiachilia kidogo kidogo kwa kutuma habari mpya kwa saa zilizopangwa. Habari hizo zisiitwe "madokezo", kwa sababu dokezo la ofisini lina jalada lake, na msajili makini atalipa namba na kulihifadhi. Ziitwe "taarifa za kisa". Kuna "mwigizaji", ambaye ni yule anayejifanya majeruhi na kupakwa rangi nyekundu. Na kuna yule anayepimwa.

Huyu wa mwisho ndiye aliyewatesa watafsiri. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo maana yake ya kwanza ni mchezaji, na tumekwisha kuona rasimu zenye "wachezaji kutoka hospitali ya mkoa" na "wachezaji wa zimamoto". Uwanja wa Kaitaba unao wachezaji wake. Ni uwanja huo huo ambao kesho yake baada ya ajali ya 2022 watu wa Bukoba walikusanyika kuwaaga marehemu, na mtafsiri mwenye hisia angejua kwamba maneno mawili hayo hayapaswi kukutana. "Mshiriki" ni pana mno, kwa kuwa hata mpika chai ameshiriki. "Mtendaji" lingefaa sana, lakini kila kata na kila kijiji kina mtendaji wake, na tangazo la kuwaita watendaji litawaleta wote. Neno lililo tayari ni "mhusika". Ofisini mhusika ni mwenye jukumu la jambo. Katika fasihi ni mtu anayetenda ndani ya kisa. Maana zote mbili ndizo tunazozitaka, na walimu wa fasihi wameifanya kazi ya kulieneza kwa miaka mingi bila kujua kwamba wanausaidia usalama wa mionzi.

Neno "zoezi" lenyewe lisitupwe. Mwongozo wa mwaka 2005 hupambanua shughuli ndogo ya kikundi kimoja kurudia stadi moja, kama kuvaa mavazi ya kinga au kusoma kipimo cha mionzi, na shughuli kubwa zinazopima uhusiano wa vyombo vingi. Ile ndogo ndiyo zoezi kwa maana ya asili: jambo hurudiwa mpaka likazoeleka. Basi "zoezi" lirudi nyumbani kwake, "igizo" lichukue zile kubwa, na kazi ya kweli iitwe kazi: kazi ya uokoaji, kazi ya chanjo. Aina za igizo hazina taabu nyingi. Lile la kuketi na kujadili kisa limekuwa likiitwa "la mezani", na kwa kuwa mezani ni mahali pa kula, twapendelea "igizo la kikao". Yafuatayo ni igizo la sehemu, igizo kamili, na igizo la uwandani kwa wale wanaotoka na vipimo vyao.

Tumesema kwamba katika dharura ya mionzi mwananchi hana ila maneno. Tuyatazame maneno yenyewe atakayopewa, kwa sababu igizo ndilo mahali pa kuyajaribu kabla hayajahitajika. Wataalamu wa Chuo Kikuu walitupa "mnururisho" kwa nguvu isafiriyo kutoka kwenye chanzo, na "unururifu" kwa tabia ya kitu kuitoa nguvu hiyo. Sheria na ofisi zilikwenda njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1983 tulipata Tume ya Taifa ya Mionzi, na kwa sheria ya 2003 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo nayo husema "mionzi" kila inapozungumza na umma. Katika shindano hili umma umekwisha kuamua, na si busara kulirudia. "Mionzi" ibaki. Lililobaki ni kuwazuia waandishi wasiseme kwamba mionzi imemwagika au imebebwa na upepo. Kinachomwagika na kubebwa ni vumbi nururifu; mionzi yatoka katika vumbi hilo kama joto litokavyo katika kaa la moto.

Tofauti hiyo si ya wanafizikia peke yao. Mtu aliyepigwa na mionzi kutoka nje, kama apigwavyo picha hospitalini, hana kitu cha kumpa mwenzake. Waweza kumshika mkono. Mtu mwenye vumbi nururifu katika nguo na ngozi amechafuliwa, na uchafu huo waweza kuhamia kwa anayemshika, lakini sehemu kubwa yake huondoka kwa kuvua nguo za juu na kuoga. Na wote wawili hawakuambukizwa, kwa sababu mionzi haizaliani. Hapa "uchafuzi" ni istilahi iliyobahatika. Mama anayeambiwa kwamba mtoto amechafuka anajua la kufanya bila kusubiri semina. Anayeambiwa kwamba mtoto "ameathirika" hajui la kufanya, tena amesikia jambo jingine kabisa.

Maana Kagera neno hilo lina historia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kwa kuwa hapakuwa na istilahi, watu walijitungia. Ugonjwa uliitwa "Juliana", kwa jina la nguo iliyokuwa ikiingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Baadaye "kuathirika" likashika nafasi, na hadi leo mwathirika asiyetajiwa jambo ni mwathirika wa hilo. Kutangaza Bukoba kwamba watu kumi "wameathirika na mionzi" ni kuwavika fedheha isiyo yao. Watu wa Goiânia waliionja fedheha hiyo: walitengwa kama wenye tauni, na hata mazishi ya mtoto aliyekufa yalipingwa na wakazi waliokusanyika makaburini. Katika mlipuko wa Marburg wa mwaka 2023 wilayani Bukoba, serikali ilianza tarehe 16 Machi kwa kutangaza ugonjwa usiojulikana, ikautaja kwa jina tarehe 21, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni baada ya wagonjwa tisa, ambao sita kati yao walikufa. Katika majuma hayo wakazi walijifunza kusema "wahisiwa" na "waliotangamana". Ni maneno mazuri kwa ugonjwa. Hatari ni kwamba siku ya ajali ya mionzi yatatolewa tena ghalani yakiwa tayari, na mtu aliyesimama karibu na lori lililopinduka ataitwa aliyetangamana, kana kwamba lori linaambukiza. Igizo lolote litakalofanywa mkoani humo lipime jambo hili: baada ya tangazo, je, wasikilizaji wanaweza kusema nani aoge, nani apimwe, na nani aende nyumbani?

Kadhalika umbali. Mwongozo wa Wakala kwa waokoaji wa kwanza wataka watu wawekwe nje ya mita 30 kuzunguka chanzo cha hatari kilicho wazi au kilichovunjika, na mita 100 ikiwa kimemwagika kwa wingi. Lakini wasema pia kwamba kuokoa maisha kusicheleweshwe kwa sababu ya hofu ya uchafuzi. Mambo haya mawili yanavutana, na sentensi ya Kiswahili isipotengenezwa vizuri itatoa moja na kulimeza jingine. "Wananchi wanaombwa kukaa mbali na eneo la tukio" haitoshi. Mbali ni wapi? Wavuvi wa 2022 wangetii agizo hilo, wasingelitoa mtu.

Tuje kwenye tathmini, ambako neno "zoezi" lina dhara la pili, la kimya zaidi. Kampeni hupimwa kwa kukamilika kwake. Zoezi la chanjo limefikia watoto wangapi, limefanikiwa kwa asilimia ngapi. Na taarifa hufungwa kwa maneno yaliyozoeleka kwamba zoezi limekamilika kwa mafanikio makubwa. Kipimo hiki ni halali kwa chanjo. Kikihamishwa pamoja na neno lake mpaka kwenye shughuli ya kujipima, kinaiua. Shughuli ya kujipima isiyogundua kasoro yoyote haikufanikiwa. Ama kisa kilikuwa chepesi, ama wahusika waliambiwa mapema, ama watathmini waliona haya. Anayesoma taarifa ya namna hiyo, ikiwa na orodha ya wageni waliohudhuria na hotuba ya ufunguzi, hawezi kujua kama simu ya usiku ilipokewa. Igizo, kwa upande wake, halikamiliki kwa asilimia. Mtu aliyetazama igizo huulizwa aliona nini.

Msamiati wa tathmini wahitaji vitenzi vinavyoonekana. Malengo mengi yanayoandikwa katika ofisi zetu yamejengwa kwa kuimarisha, kuboresha, kuhamasisha na kujengeana uwezo. Mtathmini aliyesimama mlangoni mwa hospitali na karatasi yake hawezi kumwona mtu akiimarisha. Tuweke mfano wetu wenyewe. Lengo: kupokea na kupeleka taarifa ya ajali ya mionzi. Kigezo: mganga wa zamu ameandika jina la mtoa taarifa, mahali na saa, na amempigia afisa aliyetajwa katika mpango kabla ya dakika 30 kupita. Hapo kila tendo laweza kutiwa alama ya ndiyo au hapana. Lengo na kigezo visichanganywe, kama inavyotokea mara kwa mara katika tafsiri. Lengo lasema nini kitafanywa, kigezo chasema tutajuaje kwamba kimefanywa.

Saa nazo ni jambo la istilahi, ingawa wengi hawalihesabu hivyo. Tathmini yote hujengwa juu ya mfululizo wa saa kutoka kwa watu mbalimbali. Tukio lililotokea saa 2.50 asubuhi mvuvi ataliandika 2.50, polisi mwenye saa ya mkononi 8.50, na mwongoza ndege 5.50, kwa kuwa wa anga hutumia saa ya dunia. Karatasi tatu zikikutana Dodoma, ajali moja imekuwa tatu. Fomu ya mtathmini iseme wazi ni saa ipi inayotakiwa, na neno "asubuhi" au "usiku" lisiachwe kamwe.

Anayepima aitwe "mtathmini". "Mkaguzi" hutafuta mwizi, na "msimamizi" hutafuta mwanafunzi anayenakili. Wageni waliokuja kuona waitwe "watazamaji". Kinachogunduliwa kiitwe "kasoro", ambayo ni ya mpango au ya kifaa, kabla ya kuitwa "kosa", ambalo siku zote lina mwenyewe. Wahusika wakinusa kwamba yanatafutwa makosa, igizo lijalo litakuwa na majibu yote na halitakuwa na ukweli. Kwa mazungumzo ya mara baada ya igizo, kabla watu hawajatawanyika, hatuna haja ya kubuni. "Kikao cha majumuisho" chajulikana kila wilaya, isipokuwa kwamba desturi ya kumwachia mkubwa wa msafara azungumze kwanza na kwa muda mrefu yapasa igeuzwe, aanze yule dereva aliyefika kwenye kizuizi akakuta hakuna mtu.

Limebaki jambo la neno litakalotumika siku ambapo katikati ya igizo mtu anazama au anaanguka kwa ugonjwa wa kweli. "Si maigizo" halifai, kwa sababu zilizokwisha kutajwa juu ya "ni" na "si". Twapendekeza "KWELI, KWELI, KWELI", likifuatwa na mahali na hali ya mtu. Tusingependa orodha hii ipigwe chapa kabla ya kujaribiwa kwa sauti. Jaribio lenyewe si la gharama: kipaza sauti kimoja Kemondo wakati wa upepo wa mchana, redio moja katika mtumbwi wa Goziba, na watu kumi wanaoulizwa kila mmoja peke yake walisikia neno gani.